Maziwa ya Ng'ombe Asiye na Ndama

Ugalla,
Jumapili, 14 Januari 2024

Ng'wana wane, mwanangu Kabula,

Salamu zangu ni nyingi kuliko mvua ya huku, na mvua ya huku mwaka huu haina adabu. Sisi wazima, ukimwacha baba yako. Magoti yanamsumbua na homa za jioni hazimwachi, lakini yeye mtu mzima. Mtu mzima asipoumwa popote, watu watasema anaficha kitu.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kaka yako Ngolo, network mpaka nipande juu ya kichuguu, na nikishapanda anaweka sauti kubwa kila mpita njia ajue mambo yetu. Halafu simu inakata maneno mtu hajashiba. Na huu mwandiko wangu wa darasa la saba, mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa anaushika anawaonyesha wenzangu, basi niuache uote kutu?

Nestori wa bodaboda anakuletea dumu na kibuyu. Maziwa ya kwenye dumu ni ya alfajiri ya leo, nimemwambia aendeshe kama amefukuzwa. Kibuyu ni mgando. Usishangae wingi wake. Ng'ombe wangu Madoa alitupa mimba kabla ya Krismasi, ndama akatoka hajafika siku zake, manyoya yenyewe haba. Kondo la nyuma likakataa kutoka. Wanaume wamesimama, mikono kiunoni. Nikavua kitenge, nikaingiza mkono mpaka begani, nikalitoa lote. Baba yako akasema, "Nyanzala, wewe ungesoma ungekuwa daktari." Nikamwambia, "Sikusoma, na daktari ndiye mimi."

Sasa ng'ombe wetu hawa wa kienyeji, bila ndama hawashushi maziwa. Wengine wangekata tamaa. Mimi nikamchuna yule ndama, ngozi nikaijaza nyasi, nikaipaka chumvi. Wifi yako Mariana anaishika mbele, Madoa anailamba, akilamba tu anashusha. Wanakuja kunitazama kama sinema! Maziwa ambayo angenyonya ndama yote ni yako, wewe na huyo uliyembeba. Mwanamke gani hapo Mpanda analishwa hivyo na mama yake?

Na usiyachemshe. Unajua mila yetu. Ukiyachemsha huko, chuchu zinakauka huku.

Mama yako mzazi,
Nyanzala wa Machibya


Mpanda,
28 Januari 2024

Mayu,

Shikamoo. Maziwa yalifika salama na Nestori alikula ugali hapa kabla ya kurudi. Asante sana mama. Nikinywa naona kama niko nyumbani, nakaa tu kwenye ngazi nakunywa kikombe kizima. Mkweo Danford naye anapenda mgando, anasema akishakunywa haendeshi bajaji, anapaa.

Mtoto anacheza. Ila mimi nina homa. Asubuhi mzima, jioni natetemeka, usiku natoka jasho mpaka shuka linakamulika. Mgongo unauma siwezi kukaa kwenye cherehani muda mrefu. Nilienda zahanati wakanipa dawa za malaria. Nikarudi wakanipa za typhoid. Zote nimemaliza na homa iko pale pale.

Mama mkwe wangu ameniambia maziwa niwe nayachemsha. Nimemwambia kwetu hatuchemshi.

Msalimie baba, na Mariana.

Mwanao,
Kabula


Ugalla,
18 Februari 2024

Mwanangu Kabula,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka baba yako akauliza kama ni Injili. Hizo ni homa za mimba, usiniogopeshe. Mimi mimba ya Ngolo niliumwa mpaka nikaagana na majirani, na huyo hapo, shingo kama fahali. Mimba ya mtoto mwenye akili lazima ikusumbue.

Huyo mkwe mwenzangu, mama Danford, namheshimu. Lakini ni mtu wa jembe, wao kwao ni mahindi na karanga. Ng'ombe amemjulia buchani. Je, mimi nimewahi kumfundisha kupalilia? Mwambie hivyo, lakini kwa adabu, ukicheka.

Unavyosema homa haiishi, dawa yake ni kuongeza. Leo nimetuma madumu mawili. Madoa anatoa kama bomba lililopasuka. Nilimnyima hata mke wa mwenyekiti, nikamwambia, "Haya yana mwenyewe, yako safarini kwenda Mpanda kwa fundi cherehani." Akanuna mpaka mdomo ukawa kama wa chupa.

Kunywa yakiwa hivyo hivyo. Kila jioni homa ikianza, kikombe.

Mama yako,
Nyanzala


Mpanda,
17 Machi 2024

Mayu,

Shikamoo. Nestori atakuwa amekwambia. Nilimwomba akwambie yeye, kwa sababu mimi kila nikiandika mstari wa kwanza naona haunihusu.

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare za kwaya. Nikaona maji. Danford akanipeleka hospitali na bajaji yake, na njiani alisimama kwenye kivuko cha reli kama siku zote, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Nakumbuka niliona ni jambo zuri kwamba anaangalia. Nilipofika ilikuwa imekwisha.

Sijalia. Watu wanakuja wanakaa, wanasubiri nilie waninyamazishe, sasa wanakosa kazi. Danford ndiye analia. Mama mkwe amefua mashuka yote na kuyapiga pasi. Shuka nani anapiga pasi.

Kitambaa cha sare nimekimalizia. Kola zimekaa vizuri.

Naomba usitume maziwa tena. Vyombo vyako nimempa Nestori.

Kabula


Ugalla,
24 Machi 2024

Mwanangu,

Pole. Pole sana mama yangu. Ningekuwa hapo siku ile ile, lakini mto umekata barabara, hata Nestori alivushwa kwenye mtumbwi yeye na pikipiki yake. Na baba yako sasa anatembea kwa kushika ukuta, siwezi kumwacha.

Sasa nisikilize. Utapata mwingine. Aliyetoka kabla ya siku zake kwetu hatumwekei msiba, unajua, hatukai matanga. Hakuwa mtu bado. Ukimfikiria sana unafunga njia ya anayefuata.

Lakini kuna jambo limenikaa hapa kooni. Dumu limerudi limejaa. Mimi nimezaa, nimelea, sijawahi kuona mtoto anarudisha chakula cha mama yake. Nani amekufundisha? Maana kuna mtu hapo alikwambia usinywe vya kwenu, na baada ya hapo mimba ikatoka. Simtaji jina, mimi ni Mkristo. Lakini mwanamke anayepiga pasi mashuka, anatafuta nini kwenye hayo mashuka? Chunga unakoacha nguo zako za ndani.

Kibuyu nimekijaza upya. Damu iliyopotea inarudishwa na maziwa.

Mama yako anayekupenda,
Nyanzala


Mpanda,
14 Aprili 2024

Mayu,

Shikamoo. Usimseme vibaya mama Danford. Hana kosa. Ndiye anayenipikia uji, na nikiwa nimekaa tu anakaa na yeye, hasemi kitu.

Kibuyu nakirudisha tena. Sina ugomvi na wewe. Maziwa yananikinaisha tu, harufu yake. Itaisha.

Walinichukua damu hospitali. Daktari aliniuliza kama kwetu kuna mifugo, nikamwambia ipo. Nimepewa dawa za kunywa muda mrefu. Danford naye anakunywa. Homa imeanza kupungua.

Mama, naomba kitu kimoja. Mpeleke baba akapimwe hayo magoti na hizo homa. Asiseme malaria. Amwambie daktari kwamba yeye ni mfugaji. Aanze na hilo kabla ya yote. Na wewe ukipata nafasi.

Nimerudi kwenye cherehani. Nikikanyaga pedali siwazi kitu.

Kabula


Ugalla,
5 Mei 2024

Mwanangu Kabula,

Eti harufu. Harufu ya maziwa! Wewe niliyekubeba mgongoni zizini, mavi ya ng'ombe ndiyo yalikuwa poda yako. Mji umekuingia, mwanangu, umekaa mpaka kwenye pua. Sawa. Mama ni mama, hasusi.

Baba yako hataki hospitali. Anasema akafanye nini, daktari akamwambie amezeeka? Hilo analijua bure.

Sasa habari njema, maana na mimi Mungu hajaninyima zote. Mariana ana mimba! Ina miezi miwili. Ngolo anatembea katikati ya barabara kama mbunge. Na kwa kuwa wewe umeyakataa, maziwa yote ya Madoa sasa ni ya Mariana. Anakunywa vizuri, mtoto wa watu, hana maneno ya harufu. Hata zile homa za jioni kama zako zimempata, jasho lile lile, mgongo ule ule. Nimemwambia usiogope, hata Kabula zilimpata, ni za mimba hizo.

Na mtamba wetu mwekundu naye katupa wiki iliyopita, sijui ni majani ya mvua. Kondo likakwama. Nikalitoa, Mariana ananishikia mkia na beseni. Namfundisha. Huu ujuzi nisife nao. Maziwa yake yanaanza kuja, kwa hiyo Mariana ana ng'ombe wawili wasio na ndama. Hata binti wa mtemi hakulishwa hivyo!

Nijibu, usiwe unakaa kimya mpaka nahisi nimekukosea.

Mama yako,
Nyanzala


Mpanda,
Jumatano, 8 Mei 2024

Mayu,

Barua yako imefika sasa hivi. Nimempigia Ngolo hapatikani. Nestori anasubiri mlangoni, pikipiki inaunguruma, naandika haraka.

Mariana asinywe tena maziwa hayo. Hata kikombe kimoja. Hata mgando. Kesho Ngolo amlete hospitali hapa Mpanda, waseme mapema kwamba ana mimba, ana homa, na kwao ng'ombe wanatupa mimba. Waseme hivyo hivyo.

Mama, ni ugonjwa. Unaitwa brusela. Ng'ombe akiwa nao anatupa mimba. Wadudu wake wanakaa kwenye maziwa, na kwenye kondo, na kwenye ndama aliyetupwa. Mtu akinywa maziwa bila kuchemsha anaupata. Akishika kondo kwa mikono mitupu anaupata. Unakuja kama malaria. Unaingia kwenye magoti na mgongo. Mwenye mimba, mimba inaweza kutoka.

Nilijua tangu Machi. Daktari alinieleza nikiwa bado kitandani, akanichorea ng'ombe nyuma ya karatasi. Sikukwambia. Danford hakutaka uambiwe. Mama Danford ndiye alisema, "Yule mama alikuwa anamlisha mtoto wake. Akijua, atawezaje kula tena yeye? Mwacheni." Wewe ukawa unamsema, na yeye anajua unamsema, akanyamaza hivyo hivyo.

Nilidhani maziwa nikiyarudisha mimi itakuwa imeisha. Sikumfikiria Mariana.

Sisemi ni wewe. Sisemi hivyo. Nasema usimpe.

Kabula


Ugalla,
26 Mei 2024

Mwanangu Kabula,

Barua yako niliisoma nimesimama. Mariana alikuwa jikoni na kikombe. Nikakichukua mkononi mwake, akaniangalia, nikamwaga. Nikakaa hapo nilipomwaga.

Tulikwenda siku ya pili yake, Ngolo akimshika Mariana kwenye bodaboda ya mbele, mimi na baba yako kwenye ya nyuma. Nestori atakuwa amekwambia hatukupita kwako. Nilimwambia asipite. Sikuwa na uso wa kupita nao.

Mariana anao. Baba yako anao, ndio ulio kwenye magoti. Na mimi ninao. Daktari, kijana mdogo tu, aliniuliza, "Mama, hukusikia homa?" Nikamwambia nilisikia, lakini nilikuwa na kazi. Mimba ipo. Alinisikilizisha, moyo unapiga. Hakuniahidi kitu. Dawa tunakunywa sote, nimezipanga dirishani, kila mtu na kopo lake.

Bwana mifugo alikuja akachukua damu za ng'ombe. Madoa anao, yule mwekundu anao, na wengine. Alisema wasiuzwe mnadani kwa mtu kwenda kufuga. Ngolo anashughulika nao. Mimi zizini sijaingia. Ile ngozi yenye nyasi nimeichoma. Haikushika moto vizuri, kwa sababu ya chumvi.

Mke wa mwenyekiti nilikwenda kwake nikamweleza, maana naye alikuwa akipata ya ng'ombe zangu siku za nyuma. Nikawaeleza na wengine. Nilikwenda mlango kwa mlango. Wengine walicheka, wakasema, "Daktari leo kaja na habari za daktari mwingine." Nikawaacha wacheke, nikarudia kusema. Mmoja alilia. Sikumuuliza anamlilia nani.

Maziwa ya ng'ombe waliopimwa wakakutwa hawana, nachemsha. Mara ya kwanza nilidhani nitasikia kitu. Yaliumuka tu, nikaepua.

Kwa mama Danford nitakuja mwenyewe. Hilo haliandikwi.

Kabula, kuna kitu sikukuuliza. Nilikuandikia barua ndefu nikakwambia mambo mengi, hilo sikuliuliza. Alikuwa wa kike au wa kiume?

Nyanzala


Mpanda,
2 Juni 2024

Mayu,

Alikuwa wa kike.

Mama Danford alimvika. Kulikuwa na kitambaa cheupe kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, akauliza kama anaweza kukichukua. Nikamwambia achukue. Alikikunja pindo kwa mkono, ingawa cherehani ilikuwepo pale.

Yuko Kasokola, shambani kwao Danford, walipozikwa wazee wao. Jiwe hakuna. Danford alipanda kitu, sijui kama kimeota. Sijaenda.

Kucha alikuwa nazo.

Njoo. Usipite kando ya nyumba tena.

Kabula


Ugalla,
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mwanangu Kabula,

Umeshasikia kwa simu lakini nakuandikia, maana Ngolo alivyokuwa anapiga kelele juu ya kichuguu sijui ulisikia nini. Mariana amejifungua salama hapo hospitali, na jana wamerudi. Mtoto wa kiume. Mdogo, amewahi kidogo, lakini daktari amempima amesema damu yake haina kitu. Analia kama mtu aliyedhulumiwa. Kila akilia, Mariana anastuka, mimi natulia. Baba yako amemshika akiwa amesimama bila kushika ukuta, akatuangalia tumsifu.

Mariana ananyonyesha vizuri. Mimi nampikia uji, na maziwa nayachemsha mbele yake aone. Nadhani ananiamini. Sijamuuliza.

Kuhusu siku ile tulipokwenda Kasokola, mimi na wewe na mama Danford, sikusema kitu njiani na wewe ulidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa najifunza njia. Nilikuwa nahesabu nyumba na kona, ili siku nyingine niweze kufika peke yangu bila kumsumbua mtu.

Leo baada ya kanisa wamama walijaa hapa uani. Wameleta kuni, wameleta unga, wamemgeuza geuza mtoto kama kitambaa cha dukani. Mke wa mwenyekiti akapaza sauti, "Haya mama Ngolo, na wewe sasa ni bibi. Tulidhani utazeeka na majigambo matupu!" Wakacheka. Unanijua, sipitwi. Nikasimama na mwiko mkononi, nikamwambia mimi bibi tangu Machi, huyu ni wa pili.

Mmoja akauliza, wa kwanza yuko wapi, mbona hatujamwona.

Nikawaambia wa kwanza ni wa kike, ni wa Kabula, yuko Kasokola kwa baba yake.

Bibi yao,
Nyanzala